Nyumba ya Kuishi na Kupangisha: Haki ya Ardhi na Ruhusa ya Kujenga

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nilialikwa nizungumze juu ya utunzaji wa vitabu vya hesabu. Kwa idhini ya Mwenyekiti naomba nizungumze juu ya nyumba, na mtaona kwamba sikuviacha vitabu mbali. Katika mafaili ya mikopo ninayoyafungua siku hizi, mkopo unaolala bila kurejeshwa aghalabu si ule wa mbolea wala wa dawa ya mibuni. Ni mkopo wa kujenga vyumba vya kupangisha.

Yupo mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kihamba chake kiko upande wa Tengeru, chini kidogo ya barabara kuu. Anaishi humo na mkewe katika nyumba waliyoijenga kwa miaka mingi, tofali kwa tofali. Watoto wamekwenda zao. Akaona wanafunzi wa vyuo wanavyotafuta vyumba asubuhi na jioni, akafikiri, na alifikiri vizuri, kwamba kipande cha chini kilichokuwa na mibuni iliyozeeka chaweza kumpa kodi ya kila mwezi kuliko debe mbili za kahawa. Akaomba mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo. Wadhamini watatu wakatia saini. Mibuni ikang'olewa, msingi ukachimbwa, safu ya vyumba kumi ikapanda hadi kwenye mkanda wa juu. Siku mafundi walipoleta mbao za paa, wakakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI.

Ujenzi ulisimama. Marejesho ya mkopo hayakusimama, kwa maana tarehe ya mkopo haingoji paa. Baada ya miezi kadhaa chama kilikata akiba za wadhamini kama sheria ndogo zinavyoelekeza. Mmoja wa wadhamini hao ni mama mjane ambaye akiba yake ilikuwa ada ya shule ya mwanawe.

Nililisoma faili lile mara mbili. Kila karatasi ilikuwepo: muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mwenyekiti wa kitongoji, saini za majirani wa mipaka minne, picha za mkopaji na za wadhamini. Yote yalithibitisha kwamba ardhi ni yake, na ni kweli ni yake. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja iliyouliza jambo la pili: je, mahali hapo pameruhusiwa kujengwa nini?

Ndugu zangu, hapo ndipo shina la maneno yangu. Haki juu ya ardhi ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuitumia kwa namna fulani ni kitu kingine. Kamati zetu za mikopo zimezoea kukagua la kwanza tu.

Kabla sijaenda mbele niondoe hofu moja. Kupangisha chumba katika nyumba unayoishi si kosa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka zama ambapo neno mwenye nyumba lilitajwa kwa mashaka. Azimio lililotolewa katika mji wetu huu mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ambayo mwenyewe aliikalia yote haikuguswa. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kazi za Msajili zilikwisha kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Leo mwalimu, karani, mkulima na hata mkaguzi wa ushirika anaweza kuishi chumba kimoja na kupangisha vitano, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu za korido katikati kule Kaloleni, Ngarenaro na Unga Limited. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 haiulizi kama anayelala chumba cha pili ni mpwa wako au ni mpangaji. Yauliza ardhi inatumika kwa nini, na jengo lililosimama ni la namna gani.

Sasa, ardhi yetu kuzunguka Meru si ya namna moja, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza.

Kuna kiwanja kilichopimwa mjini, chenye hati. Hati si karatasi ya kuthibitisha umiliki tu. Ndani yake yamo masharti. Fungueni hati, someni ukurasa wa masharti, mtakuta sharti la matumizi limeandikwa pamoja na kundi na daraja la matumizi kwa herufi. Kama limesema makazi tu, basi ni makazi tu. Mpangaji anayeishi na kupika na kulala humo anafanya makazi, hilo halina ugomvi. Lakini ukigeuza sebule kuwa duka, au ua kuwa gereji, au nyumba nzima kuwa ya kulala wageni, umetoka nje ya sharti hata kama hukuongeza tofali moja. Na ukiongeza banda la vyumba sita uani, hata kama ni makazi matupu, umehitaji kibali cha ujenzi, kwa sababu kibali cha kwanza kilitolewa kwa jengo lililoonyeshwa katika ramani ile, si kwa jengo lililozaliwa baadaye. Anayevunja masharti ya hati aweza kupewa ilani ya kurekebisha, aweza kutozwa faini, na mwisho wa njia hiyo, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ni kufutiwa miliki yenyewe.

Kuna ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo wa 1999. Huko halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi, na mwanachama aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi kimetenga mahali pa makazi, pa kilimo, pa malisho na pa vyanzo vya maji. Safu ya vyumba vya kupangisha katikati ya eneo la kilimo ni kuvunja mpango huo, ingawa kihamba ni cha babu.

Na kuna ardhi iliyo katikati, ambayo ndiyo yenye matatizo kuliko zote. Ni kihamba ambacho mwenyewe bado anakiita cha kijiji, lakini mji umekwisha kukifikia. Mpango Kabambe wa Arusha unaokwenda hadi mwaka 2035 haukuishia kwenye mipaka ya Jiji. Umeingia katika sehemu za Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na za Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Mwenye kihamba anaamka asubuhi, ndizi zake ziko pale pale, jirani yake ni yule yule, lakini eneo limetangazwa kuwa eneo la mipango, na ujenzi ndani yake wahitaji idhini ya mamlaka ya mipango. Barua ya kitongoji haitoshi tena. Mwalimu wetu wa Tengeru alikuwa katika hali hiyo hasa.

Je, tangazo hilo limemnyang'anya kihamba? Hapana. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka katika mkoa wetu na kuamuliwa mwaka 1994, ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haitwaliwi bila fidia ya haki. Kwa hiyo anayewatia watu hofu kwamba ramani ya mipango ni kufukuzwa, anapotosha. Lakini mahakama haikusema kwamba mwenye haki ya kimila ajenge atakavyo. Ni yale yale niliyotangulia kuyasema.

Hofu hiyo, hata hivyo, siibezi. Watu wa Meru wana sababu ya kuitazama ramani kwa jicho la pembeni. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, kwa sababu mpango wa ardhi ulitaka eneo lile liwe kipande kimoja cha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko hadi Umoja wa Mataifa, New York. Na katika miji ya Tanganyika kugawa maeneo kulikuwa na maana ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mtu aliyerithi kumbukumbu hizo akisikia neno mipango hufunga geti. Nasema tu kwamba sheria ya leo yatoa nafasi ya wananchi kusikilizwa kabla mpango haujapitishwa, na mikutano hiyo inapoitishwa viti vingi huwa vitupu. Kisha rangi nyekundu ikifika ukutani, uwanja hujaa.

Turudi kwenye vyumba. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: safu ya vyumba kumi vya wanafunzi ni makazi au ni biashara? Linaulizwa kule Njiro karibu na Chuo cha Uhasibu, linaulizwa Makumira, linaulizwa Patandi. Jibu langu ni kwamba jengo ndilo husema. Vyumba vyenye mlango wake, jiko lake na choo chake, ambamo mpangaji huishi kwa mkataba wa miezi, hivyo ni makazi ya kaya zaidi ya moja, na mwenye kiwanja ahakikishe kama daraja lililoandikwa katika hati yake lakubali kaya zaidi ya moja. Lakini jengo lenye vitanda viwili viwili kila chumba, msimamizi mlangoni, choo cha pamoja, na malipo kwa muhula, hilo ni bweni, hata ukiliita nyumba. Bweni lahitaji kubadilisha matumizi. Na nyumba ambayo mgeni hulala usiku mmoja au mitatu akiwa njiani kwenda mbugani, hata kama aliipata kwa simu yake ya mkononi na hakuna bango nje, hiyo ni nyumba ya wageni.

Msidhani kwamba watu wa mipangomiji wanapenda tu herufi zao. Vyumba kumi ni watu kumi hadi ishirini, na ni shimo la maji machafu linalojaa upesi zaidi kuliko la familia moja. Shimo hilo liko juu ya ardhi ile ile ambayo jirani wa chini amechimba kisima, na mlima wetu huteremsha maji chini ya ardhi hata pale yasipoonekana. Gari la zimamoto nalo lahitaji njia. Kichochoro cha mkokoteni hakilipitishi. Mwenye nyumba anayeishi hapo hapo, akiwa ndiye wa kwanza kunusa shimo na wa kwanza kusikia moto, angepaswa kuwa wa kwanza kuyataka masharti haya.

Mito nayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Themi, Naura na Burka zimebanwa na nyumba za kupangisha kwa sababu kiwanja cha bondeni ni rahisi. Chama kisikopeshe hata shilingi moja kwa jengo la namna hiyo. Hapo sina maneno mengi.

Kwenye fremu nakaa kidogo. Mwanachama mwenye nyumba karibu na barabara hubomoa ukuta wa mbele, akaweka milango ya chuma minne, akapangisha kinyozi, duka la simu, duka la dawa na muuza vocha. Ni mapato mazuri. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Wakati barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, wengi walijifunza maana ya mita hizo. Aliyekuwapo kihalali kabla ya nyongeza hiyo, katika kipande kati ya mita 22.5 na 30, alikuwa na haki ya kulipwa. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, au aliyesogeza fremu mbele baada ya sheria, hakuwa na la kudai. Chukueni utepe wa kupimia kabla ya kuchukua mkopo.

Na kwa kuwa nimetaja fidia, nyongeza kidogo ambayo ni ya vitabu hasa. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinatambua posho ya makazi, inayokadiriwa kwa kodi ya soko kwa miezi 36, na pia faida iliyopotea kwa muda huo huo, lakini faida hiyo huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa. Mwenye fremu asiye na daftari la kodi hupata huruma tu.

Jinsi ya kuomba kubadilisha matumizi si siri. Mwombaji huenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri yake: wa mjini huenda Jiji, wa Tengeru na Usa River huenda Meru, wa Ngaramtoni huenda Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Hupeleka hati au uthibitisho wa umiliki, ramani ya kiwanja, na maelezo ya anachotaka kufanya. Tangazo hutolewa ili majirani waweze kupinga. Ikikubaliwa, masharti ya hati hubadilishwa, na kodi ya ardhi hupanda ikiwa matumizi mapya ni ya biashara. Hilo mwombaji alitie katika hesabu yake tangu mwanzo. Mambo ya hati sasa hushughulikiwa na Kamishna Msaidizi wa Ardhi hapa hapa mkoani, hakuna tena haja ya kufunga safari ya Dar es Salaam. Mahali ambapo urasimishaji umefanyika, kwanza mwanachama aulize kama kiwanja chake kimekwisha kuonekana katika ramani iliyoidhinishwa. Nimeona watu wakiomba kibali kwa mchoro waliochorewa na fundi kwenye karatasi ya daftari, wakati ramani halali imelala ofisini tangu zamani na jina lao limo.

Ni kazi ya muda, nakubali. Wengine huniambia kwamba wakingoja kibali bei ya saruji itapanda. Huenda ikapanda. Mwalimu wa Tengeru alinunua saruji yake kabla haijapanda.

Ukizuka ugomvi juu ya ardhi na jirani, kumbukeni kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimekuta makatibu wakiweka katika faili la mkopo karatasi iitwayo hukumu ya Baraza la Kata ya miaka hii ya karibuni. Isipokelewe kama uthibitisho wa umiliki.

Sasa niseme na makatibu peke yao, wanachama watuvumilie.

Ndugu makatibu, mwanachama akiomba mkopo wa kujenga au kuongeza vyumba, fomu yenu isiishie kwenye umiliki. Takeni nakala ya ukurasa wa masharti ya hati, au barua ya halmashauri ya kijiji inayotaja matumizi ya eneo, au kama ni ardhi ya katikati ile niliyoieleza, barua ya ofisi ya mipangomiji. Takeni kibali cha ujenzi chenye idadi ya vyumba, kisha mlinganishe idadi hiyo na idadi iliyo katika ombi la mkopo. Nimeona kibali cha nyumba ya familia moja kimeambatishwa kwa mkopo wa vyumba nane, na kamati nzima ikatia saini. Toeni fedha kwa awamu, msitoe awamu ya pili kabla ya kwenda kuona kwa macho. Pateni ridhaa ya mwenzi wa mkopaji kwa maandishi, hasa pale nyumba wanayoishi ndiyo dhamana. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani na mtu mmoja. Na wadhamini wasomewe karatasi hizo kabla ya kutia saini. Mdhamini huambiwa mkopo ni kiasi gani, lakini haambiwi kwamba jengo halina kibali. Mimi naona huko ni kumficha mtu hatari ya mali yake, na katika taarifa zangu nitaliandika hivyo.

Vyama vyenyewe pia vina nyumba. Yako maghala ya zamani ya kahawa ambayo sasa upande mmoja ni ofisi, upande mmoja ni fremu, na nyuma anaishi mlinzi na wapangaji wawili. Masharti ya kiwanja hicho ni yapi? Katika vyama nilivyokagua, makatibu walioweza kunijibu papo hapo ni wachache. Kodi za wapangaji hao ziingie katika kitabu cha fedha na ziwe na risiti. Mpangaji anayepaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 aikate, na chama kidai cheti chake.

Jambo dogo, lakini linaleta makelele katika nyumba za pamoja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni deni la mwenye jengo. Mpangaji mwenye mita chumbani kwake ndiye anayekatwa, basi mwenye nyumba amrudishie au ampunguzie kodi ya pango, na jambo hilo liandikwe katika mkataba. Nyumba moja yenye mita tatu isikatwe mara tatu. Mwenye nyumba aende na namba za mita zote kuomba irekebishwe.

Mwalimu wetu, nimalizie habari zake, amekwisha kuomba idhini Usa River. Ameelekezwa apunguze vyumba kutoka kumi hadi sita, aache njia ya gari, na ahamishe shimo la choo mbali na mpaka wa jirani. Vyumba vinne vya mwisho vitabomolewa. Chama kimekubali kupanga upya marejesho yake, na jambo la kwanza lililoandikwa katika muhtasari ni kurudisha akiba ya yule mama mjane kutokana na kodi ya vyumba vitakavyokamilika mwanzo.

 Makatibu waliokuja na mafaili ya mikopo ya nyumba wayalete hapa mezani baada ya chai, tuyafungue moja moja.